Silaha za Kujilinda Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Silaha za kujilinda ni zile ambazo raia huziweka nyumbani au huzibeba njiani ili kulinda uhai wake, watu wake na mali yake. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita orodha yake haianzi na bunduki. Inaanza na upinde, mshale, filimbi na yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano. Bunduki imeingia humo mara kama mtetezi, na mara nyingi zaidi kama chanzo cha hofu yenyewe. Ndiyo maana mjadala wa udhibiti wa silaha una sura yake huku: kabla ya kuuliza nani aruhusiwe kumiliki bunduki, watu huuliza nani atafika kwanza yowe likipigwa saa nane za usiku.

Bunduki si ngeni kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Katika karne ya 19 wapagazi wa misafara ya pembe za ndovu walirudi kutoka pwani na magobole, zile bunduki za kushindiliwa baruti mdomoni, na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga waliozibeba. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulibana uingizaji wa silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, na tawala za kikoloni zikaufanya umiliki kuwa jambo la kibali. Msimamo huo ulirithiwa na serikali ya uhuru. Gobole halikutoweka, wahunzi waliendelea kulitengeneza kwa mabomba ya chuma, na hadi leo hukamatwa mikononi mwa wawindaji haramu.

Hali ilibadilika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jeshi lilipanuliwa haraka, mgambo waliitwa kwa maelfu, na vita vilipokwisha baadhi ya silaha hazikurudi ghalani. Nchi ilikuwa imechoka, maduka matupu, polisi hawana magari wala mafuta. Katika nyika za Kahama na Shinyanga, ambako ng'ombe ndiye benki, mahari na heshima ya mtu, wezi wa mifugo walianza kuja na bunduki. Mfugaji aliyekuwa akimfukuza mwizi kwa fimbo na mkuki alijikuta anapigwa risasi zizini kwake.

Jibu la wanavijiji lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya mpakani mwa wilaya hizo mbili. Liliitwa sungusungu, jina la chungu weusi wanaouma kwa pamoja. Kila mwanamume mwenye nguvu alitakiwa kuwa na upinde na mishale, na ncha za mishale zilipakwa sumu. Uongozi ulifuata mfano wa utemi wa zamani: mtemi, katibu, makamanda. Ng'ombe wakiibwa, filimbi na mwano vilipita kutoka kijiji hadi kijiji, na wezi wenye bunduki moja au mbili walijikuta wamezingirwa na mamia ya watu gizani. Hapo bunduki ilipoteza faida yake kubwa, ile ya kumtisha mtu aliye peke yake. Asiyeitikia yowe alitozwa faini, na mkaidi alitengwa: hapewi moto, hasaidiwi kulima, hazikwi na jirani.

Polisi na mahakama waliwatazama sungusungu kwa wasiwasi, na baadhi ya viongozi wa kundi hilo walikamatwa. Mwalimu Nyerere na Chama cha Mapinduzi waliwakingia kifua. Sungusungu wakaenea Tabora, Mwanza, Singida na Mara, na mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili kuwapa walinzi wa jadi nafasi ya kisheria. Miaka mingi baadaye, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, Jeshi la Polisi lilihimiza polisi jamii, au ulinzi shirikishi, wazo ambalo wazee wa Kahama walikuwa wamelitekeleza kwa zaidi ya miongo miwili.

Sifa hizo zisifunike damu. Mikutano ya sungusungu, dagashida, ilihukumu bila wakili na bila rufaa. Washukiwa walipigwa hadi kufa. Wanawake waliotuhumiwa uchawi walifukuzwa vijijini, na wengine waliuawa. Kijiji kilichojilinda dhidi ya bunduki kwa umoja wa kupigiwa mfano kiliweza kuugeuza umoja huohuo dhidi ya bibi mmoja mwenye macho mekundu, macho ambayo moshi wa samadi jikoni ndio ulioyaharibu.

Serikali nayo haikuwa na mikono safi ya kuwanyooshea kidole. Mwaka 1976, katika msako wa mauaji yaliyohusishwa na ushirikina mikoani Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa waliteswa na baadhi yao wakafia mahabusu. Mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, mfano unaokumbukwa hadi leo kila waziri anapotakiwa kuachia ngazi. Mwaka 1985 akawa Rais.

Wauaji wa vikongwe, na baadaye wa watu wenye ualbino, hawakuhitaji bunduki. Huitwa wakata mapanga. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, akiwa amechomwa na mauaji hayo, alitamka kwamba wanaowaua watu wenye ualbino nao wauawe. Alipobanwa Bungeni alilia mbele ya wabunge. Hakuna sheria ya silaha za moto inayoligusa panga, chombo cha kazi kilichomo katika kila nyumba, na anayejadili usalama wa eneo hili bila kulitaja amelitazama suala kwa jicho moja.

Dhahabu ilileta hofu ya aina nyingine. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001, lakini hatari kwa mtu wa kawaida ilikuwa zaidi kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa, ambako rashi, yaani ugunduzi mpya wa dhahabu, ikitangazwa mji wa maturubai huota kwa wiki chache. Mnunuzi alitembea na fedha taslimu begani, mwenye duara, shimo la kuchimbia, alilala na mawe yake chini ya kitanda. Wakati huohuo vita vya Burundi na Rwanda vya miaka ya 1990 vilivusha bunduki za kivita, ambazo polisi na raia huziita SMG, na mabasi ya njia za Kahama, Nyakanazi na Ngara yakawa yanasindikizwa na askari wenye silaha.

Katika mazingira hayo hoja ya tajiri wa duara anayeomba kibali cha bastola ina uzito. Kituo cha polisi kiko mbali, barabara ni vumbi au tope, majambazi wanajua siku ya mauzo. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inamtambulia haki ya kujitetea kwa nguvu inayolingana na tishio.

Hoja ya upande wa pili ina ushahidi wa karibu. Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, mkoani Geita, wakaua askari wawili na kuondoka na silaha. Bunduki haikukilinda kituo, ndiyo iliyowaita. Kama askari waliofunzwa waliuawa kwa ajili ya silaha zao, nyumba ya mnunuzi wa dhahabu inayojulikana kuwa na bastola ina usalama gani? Hatua iliyopunguza hatari kwa wanunuzi bila risasi hata moja ni soko la dhahabu lililofunguliwa Geita mjini Machi 2019, ambalo lilihamisha mauzo kutoka vichochoroni hadi chini ya paa moja lenye ulinzi.

Sheria inayotumika ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyofuta ile ya 1991 na kuiweka nchi karibu na Itifaki ya Nairobi ya 2004. Umiliki ni kibali, si haki. Nchini Marekani, kwa marekebisho ya katiba ya 1791 na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2008, raia ana haki ya kuwa na bunduki nyumbani, na makadirio ya 2018 yaliweka bunduki 120 kwa kila raia 100. Tanzania haikufika hata moja. Katiba yake ya 1977, ibara ya 14, inatamka kwamba kila mtu ana haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Uganda ilionja ugumu wa kukusanya silaha bila kutoa hifadhi hiyo huko Karamoja, ambako wafugaji waliosalimisha bunduki tangu 2001 walivamiwa na majirani waliobaki nazo.

Mwombaji wa Kahama au Geita huanza safari yake ya kibali kwenye serikali ya mtaa au kijiji, kabla maombi hayajapanda kata na wilaya hadi polisi. Mbele yake huketi majirani wanaojua kama hupiga mke, kama hulewa, kama ana kesi ya mpaka wa shamba, na kama yowe lilipopigwa mara ya mwisho alitoka au alijifungia ndani.