Askari Akirudi, Alale Wapi?

Historia za vita huandikwa mpaka siku amani itangazwapo, kisha kitabu hufungwa. Lakini kwa askari mwenyewe siku ile ndiyo mwanzo wa shauri jingine. Bunduki amekwisha kuirudisha ghalani, posho imekoma, na jua linakuchwa. Alale wapi? Katika mazungumzo haya twataka kulifuata swali hilo tangu hapa Maganzo, katika nchi ya Shinyanga, mpaka Nairobi, maana huko ndiko lilikozaa shauri lililodumu zaidi ya miaka mia moja.

Katika vita vya 1939 hata 1945 vijana wa Tanganyika walioingia jeshini walizidi 80,000. Wengi walitumika katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana na Waitaliani katika Uhabeshi mwaka 1941, wakavuka bahari kwenda Bukini mwaka 1942, na mwaka 1944 wakapelekwa Burma kupigana na Wajapani. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katika mvua na matope yaliyomeza magari, na mwezi wa Desemba ikauvuka mto Chindwin. Kwa mtu aliyezaliwa katika mbuga zetu, ambako mvua huombwa, nadhani mvua ile ilikuwa adui wa pili.

Vita vilipokwisha, wale wa Usukuma walirudi kwa reli ya Tabora na Mwanza, iliyomalizika mwaka 1928. Walishuka na masanduku yao, na fedha kidogo ya kiinua mgongo. Pensheni ya kila mwezi hawakuwa nayo ila wachache. Wala nyumba ya Serikali hawakujengewa. Basi ikiwa hivyo, mbona hatusikii kwamba askari wa Usukuma walilala njiani?

Sababu haikuwa jeshini, ilikuwa nyumbani. Katika desturi ya Wasukuma ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na katika kijiji aliyeigawa ni ng'wanangwa. Mtu hakuinunua wala hakuiuza. Akitaka kukaa alimwendea ng'wanangwa, naye akamwonyesha mahali. Kazi ya kujenga haikuwa ya mtu mmoja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi chini ya wakubwa wao, basumba batale, nao waliitwa kulima na kusaidia kazi kubwa, wakaandaliwa chakula. Miti, nyasi na udongo vilikuwapo bure. Minyaa ilipandwa kuzunguka boma. Kwa hiyo aliyetoka Burma na mikono mitupu aliweza kuwa na paa. Serikali ya wakati ule ilipendezwa sana na jambo hili, maana mzigo wake ulichukuliwa na wengine: mke aliyelima peke yake miaka minne, ndugu aliyechunga ng'ombe, na jirani aliyekata nyasi. Hao hawakupewa nishani.

Lakini karibu na Maganzo palikuwa na makazi ya namna nyingine pia. Mwaka 1940 Daktari John Williamson aligundua almasi Mwadui, na mji wa kampuni ukajengwa ndani ya ua wenye walinzi. Huko nyumba ilifuata kazi: mtu aliajiriwa akapewa mahali pa kulala, na kazi ikiisha alitoka na mzigo wake. Nyumba ya namna hiyo ni njema maadamu mwenye nyumba yu radhi. Kukaa kwa ridhaa ya mkubwa namna hii ndiko kulikowapata askari wa Kibera, ila wao hawakuwa na kijiji cha kurudia.

Hao walikuwa Wasudani, ambao leo huitwa Wanubi. Baba zao walikuwa askari wa Emin Pasha katika jimbo la Ikweta, wakaachwa karibu na Ziwa Albert alipoondoka yeye pwani. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwachukua wawe askari wa Kampuni ya Kiingereza katika Uganda. Mwaka 1897 sehemu yao waliasi, kwa kuchoshwa na safari zisizokwisha na mshahara mdogo; lakini wengine walibaki katika utumishi, na Keya ilipoundwa tarehe 1 Januari 1902 wao walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza. Walipozeeka, kwao kulikuwa wapi? Sudani walikuwa wameiacha zamani, na watoto wao walizaliwa kambini.

Basi tangu mwaka 1904 hivi wakawekwa katika msitu ulio kusini-magharibi ya Nairobi, nao wakauita Kibra kwa lugha yao, yaani msitu. Mwaka 1918 ukatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari aliyetumika miaka mingi alipewa kibali cha kujenga na kulima. Twaomba msomaji alishike neno hilo, kibali. Hakikuwa hati ya kumiliki. Jeshi lilidhani limewalipa wazee wake, na wazee walidhani wamepewa ardhi. Kila upande ulikwenda na dhana yake, na katika pengo hilo la maneno wajukuu wakaja kuanguka.

Wakati uo huo palikuwa na askari wengine waliofahamu vema maana ya hati. Mwaka 1919 Serikali ya Kenya ilifanya mpango wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu waliotoka vitani. Kura ilipigwa Nairobi na London, na ardhi iliyotengwa ilizidi ekari milioni mbili, sehemu yake ikikatwa katika nchi ya Wanandi. Mwafrika hakuingizwa katika kura ile, hata kama alipigana vita vile vile. Wapagazi wa vita hivyo, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, waliachiwa jina tu: Kariakoo ya Nairobi na ya Dar es Salaam hutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, na zilikuwa kambi zao.

Nairobi ulipokua, Kibera ikawa karibu mno na mji, na Serikali ikatamani kuwaondoa wazee wale. Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter, iliyotoa taarifa mwaka 1934, ilisema kwamba hawana haki ya kumiliki kwa sheria, ila Serikali ina wajibu juu yao, na wakiondolewa wapewe fidia na mahali pengine. Lakini wajibu usio na tarehe ni mwepesi kuahirishwa. Hawakuhamishwa kwa haki wala hawakuthibitishwa. Nyumba za kudumu hawakuruhusiwa, barabara na maji havikuletwa. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Kibera ilihesabiwa kuwa ardhi ya Serikali. Mitaa mipya ya nyumba ikajengwa juu ya mashamba ya wazee, na watu wa makabila mengine wakaja kwa maelfu kutafuta kazi, nao pia wakakaa bila hati.

Taabu ya karatasi iliwafikia hata wazee wa upande wa Wajerumani. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali kuwalipa askari wa zamani wa Lettow-Vorbeck, na mlipaji akaja Mwanza. Husimuliwa kwamba walikusanyika wazee kama 350, lakini wenye vyeti walikuwa wachache. Ndipo kila mmoja akapewa ufagio badala ya bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride la silaha. Hakuna aliyeshindwa. Miaka karibu hamsini ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa umekihifadhi cheti ambacho mchwa walikila.

Nasi wa Shinyanga tusijidhanie tulikuwa salama kwa desturi yetu. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963, na mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, watu walihamishwa kutoka maboma yao yaliyotawanyika. Mzee wa Burma aliyeonyeshwa mahali na ng'wanangwa hakuwa na karatasi ya kuonyesha, kama vile wa Kibera. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo iliyoweka hati ya hakimiliki ya kimila, na ilipokuja wengi wao walikwisha kuzikwa.

Wanubi waliendelea kudai mbele ya mabaraza ya nchi na ya Afrika. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya ardhi yao ya jumuiya. Iliandikwa ekari 288.