Chura wa Mufindi, tangi la New York

Robo karne imepita tangu vyura 499 wa korongo la Kihansi, mpakani mwa Mufindi na Kilombero, wapandishwe ndege kwenda Marekani. Utani haukukosekana: sisi nauli ya Mafinga inatutoa jasho, chura huyo New York!

Kisa ni umeme. Chura huyu wa manjano, asiyefika sentimita 3 na anayezaa badala ya kutaga, aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa bwawa ukiwa umeshaanza. Duniani kote alikuwa na kwao kumoja tu, kama hekta 2 zinazoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo ya megawati 180, manyunyu yakakata.

Bustani za wanyama za Bronx, huko New York, na Toledo zikapewa kazi ya kuwatunza. Kwenye matangi ya kioo yakafungwa mabomba ya manyunyu na taa zenye miale kama ya jua. Chakula kikawa nyenje wachanga, mmoja sawa na kichwa cha pini. Bado vyura wakafa, kwa minyoo ya mapafu, maambukizi na upungufu wa vitamini A, hadi wakabaki wasiofika 100.

Huku nyumbani korongo lilifungiwa mabomba ya kunyunyiza, na Juni 2003 vyura walikadiriwa kufika 20,000. Miezi michache baadaye walihesabika kwa vidole. Hapo ndipo ugomvi kuhusu chanzo ulipowaka. Wapo walioshikilia kuwa ni fangasi wa ngozi aliyekutwa kwenye mizoga. Wengine wakanyooshea kidole tope lililofunguliwa bwawani, wakihofia dawa za mashamba ya juu. Mimi naona wote walikuwa wanakwepa kiini: mto ulishanyang'anywa sehemu kubwa ya maji yake.

Mwaka 2009 chura huyu alitangazwa kutoweka porini. Mwaka uliofuata vyura 100 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiwa korongoni, chini ya mabomba yale yale.

Mwaka 2010 Bronx ilimweka hadharani. Mtoto wa kule alikata tiketi akamwona chura wetu. Wa Mufindi anamsikia tu kwenye stori za mabilioni ya kumwokoa. Boma la Iringa ni makumbusho, na nafasi ipo. Wahusika, tuwekeeni hapo tangi moja. Halihitaji kuwa kubwa.