Kolera Uvira: chanjo ya 2020 ilisaidia nini, na kwa nini robine bado ndiyo swali kubwa

Katika mji wa Uvira kolera si mgeni. Wagonjwa wanapokelewa mwaka wote kwenye CTC, ndio kusema kituo cha kutunza wagonjwa wa kolera, ndani ya Hospitali Kuu ya Uvira, na wengine kule Kalundu. Kati ya 2009 na 2014, CTC ya hospitali kuu peke yake ilipokea watu zaidi ya 5 000. Hapo hawahesabiwi wale waliobaki nyumbani ao waliokufa njiani.

Wakaaji wengi wakisikia neno pandemi wanafikiria Covid-19. Lakini kolera nayo ni pandemi, na hii tunayoishi nayo ni ya saba. Ilianza Indonesia mwaka 1961, ikaingia Afrika magharibi mwaka 1970, na katika miaka ile ile ya 70 ikafika Congo. Haijaisha mpaka leo. Wazee wa Kivu wanakumbuka zaidi Goma, Julai 1994, wakati kolera na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda kwa majuma machache. Baada ya hapo ugonjwa ulishika makao kando ya maziwa: Kivu, Tanganyika, na miji yake.

Kwa nini Uvira? Kwanza, angalia mji ulivyokaa. Upande mmoja milima ya Mitumba, upande mwingine ziwa, na watu wamebanana katikati, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu. Maji ya robine yanatoka kwenye kiwanda kimoja tu cha REGIDESO, kinachochota mto Mulongwe. Umeme ukikatika, na Uvira unakatika sana, pompe zinasimama. Robine zikikauka, mama na watoto wanabeba bidoni na kushuka ziwani. Pale pale ufukweni watu wanafua nguo, wanaosha masufuria, wanaoga, wavuvi wanashusha ndagala, na nyumba nyingi za karibu hazina choo cha kufaa.

Jambo hilo watu wa Uvira walikuwa wakilisema siku zote. Mwaka 2015 lilitolewa kwa hesabu. Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine walichukua daftari za REGIDESO na daftari za CTC, wakaziweka pamoja siku kwa siku. Waliona kwamba siku moja kiwanda kisipotoa maji, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaongezeka kwa 155 %, wakilinganisha na siku ambayo maji yametoka sawasawa. Yaani pahali pa wagonjwa 10 unapata 25. Kwa jumla, karibu robo ya wote waliolazwa iliweza kuhesabiwa juu ya ukosefu wa maji ya robine. Kutokana na shida hiyo, kazi ya kupanua mtandao wa maji wa Uvira iliandaliwa pamoja na REGIDESO, shirika la Ufaransa la maendeleo AFD na Fondation Veolia: tangi jipya, mabomba mapya, robine za mtaa na za nyumbani.

Kisha mwaka 2020 ukafika na mambo yote kwa mara moja. Mwezi wa tatu Covid-19 ilitangazwa Kinshasa, Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura, na mpaka na Burundi ukafungwa. Kwa mji ambao biashara yake inategemea Bujumbura, kufunga Gatumba ni kufunga chungu. Halafu, usiku wa tarehe 16 kuingia 17 Aprili, mvua kubwa ilinyesha milimani. Mulongwe ukafurika, ukabeba mawe, nyumba na watu. Makumi walikufa, maelfu ya familia yakabaki bila nyumba. Kiwanda cha maji nacho kiliguswa. Watu walikuwa wanaambiwa na redio wanawe mikono juu ya korona, na robine hazina hata tone.

Hapo ndipo chanjo ya kolera iliingia Uvira. Kampeni ilifanyika kwa duru mbili, kati ya Julai na Oktoba 2020. Chanjo yenyewe inaitwa Euvichol-Plus, inatengenezwa Korea ya Kusini. Haichomwi sindano: inakunywewa, kichupa kidogo cha plastiki kinakamuliwa mdomoni. Inapewa mtu yeyote kuanzia mwaka mmoja, dozi mbili, na kati yake zipite angalau juma mbili. Ladha yake si nzuri, watoto wengi wanakunja uso.

Kazi haikuwa nyepesi. Mwaka mmoja mbele yake Ebola ilikuwa imefika Mwenga, humu humu Kivu ya Kusini, na uvumi wa wakati ule haukuwa umekufa. Wengine walidhani kichupa kile ni chanjo ya korona iliyofichwa, na hali chanjo ya Covid-19 ilikuwa haijafika popote Congo. Ilianza kutolewa Kinshasa tarehe 19 Aprili 2021 tu. (Na hiyo nayo ilikosa watu: kwenye dozi milioni 1,7 za AstraZeneca zilizokuja, karibu milioni 1,3 zilipelekwa inchi zingine mbele hazijaharibika.) Chanjo ya kolera ilikuwa na bahati moja: Uvira hakuna anayeuliza kama kolera ipo kweli. Kila avenue inajua nyumba iliyopeleka mtu CTC.

Matokeo yake? Watafiti wa Université Catholique de Bukavu pamoja na wa Johns Hopkins, Marekani, walifuata jambo hilo kwa miaka. Waliuliza wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo, na majirani zao wasiougua, nani alikunywa chanjo na nani hapana. Utafiti ulitolewa 2024. Ulionyesha kwamba hata dozi moja ilipunguza hatari ya kufika CTC karibu kwa nusu, na kinga ile ilikuwa bado inaonekana mwaka wa tatu. 

Nusu ni kitu, lakini ni nusu. Kwa watoto chini ya miaka mitano chanjo za namna hii zinajulikana kulinda kidogo kuliko kwa wakubwa, na ndio wanaoshinda ufukweni. Hesabu nyingine ni rahisi: mtoto aliyezaliwa baada ya kampeni hakuchanjwa. Familia iliyoshuka kutoka Hauts-Plateaux ao Fizi kwa kukimbia vita haikuchanjwa. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka mikononi mwa M23, watu wengi walikimbilia upande wa Uvira, wengine wakavuka Ruzizi kuingia Burundi. Mji wa leo si ule wa 2020. Na mpaka hauzuie ugonjwa: tarehe 1 Januari 2023 Burundi nayo ilitangaza kolera Bujumbura.

Kuomba kampeni nyingine si jambo la kuamka na kufanya. Akiba ya dunia ya chanjo hii inasimamiwa na kamati ya mashirika manne: OMS, UNICEF, MSF na Shirikisho la Msalaba Mwekundu. Mwezi wa kumi 2022, kwa kuwa maombi yalipita dozi zilizopo, kamati hiyo iliamua kwamba mahali penye mlipuko pataletewa dozi moja pahali pa mbili. Ndiyo maana matokeo ya Uvira juu ya dozi moja yalisomwa mbali sana na Uvira.

Wakati huo wa kungoja, kazi inabaki kwa watu wa karibu: RECO wanaopita nyumba kwa nyumba, vijana wanaotia klorini kwenye bidoni ufukweni, na jamaa yenyewe. Kolera inaanza ghafla, kuhara maji meupe kama maji ya mchele, mara nyingi na kutapika, bila homa kubwa. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Akitunzwa mapema, chini ya mtu 1 kwa 100 ndiye anayekufa. Kwa hiyo usingoje asubuhi. Anza kumnywesha SRO nyumbani; kama pakiti hazipo, chukua litri 1 ya maji safi, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, na aendelee kunywa njiani kwenda CTC. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Waliokunywa chanjo mwaka 2020 ao baadaye na bado wana kadi yao, waitunze pamoja na karatasi za watoto. Kampeni ikirudi, atakayekuja mlangoni ataiuliza. Aliyeipoteza atapewa chanjo vile vile: kuikunywa tena hakuna hatari.