Uhozi si Ukiritimba

Katika kijitabu cha istilahi za biashara walichogawiwa washiriki wa semina moja hapa Dodoma, kamati iliyokitunga, ambayo sitaitaja kwa jina maadamu wajumbe wake wanajijua, imeandika kwamba mwenye hataza ana "ukiritimba wa kisheria" juu ya uvumbuzi wake, na kurasa mbili mbele ikaandika kwamba ukiritimba ni adui wa ushindani wa haki. Hata msomaji mwenye akili timamu akadhani kuwa dola humtunuku mvumbuzi kosa lile lile inalomtozea faini.

Neno ninalolitetea kwa haki kama hiyo ya mvumbuzi, nililowapelekea mabwana hao wakalipokea kwa kicheko, ni uhozi. Hozi, katika Kiswahili cha pwani, ni kukitia kitu mkononi kikawa chako. Asili yake ni shina la Kiarabu la ha, wau na zai, walilolitumia mafakihi wa madhehebu ya Maliki waliponena juu ya mtu kuishika hiba aliyopewa. Wapinzani wangu hudai kwamba linanuka ulanguzi, wakikumbuka sukari na sabuni zilizofichwa maghalani kabla ya msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Hao wamesikia "kuhodhi", ambalo naona limepotoshwa kwa kukaribiana matamshi na hodhi, yaani birika la kutawadhia msikitini, lenye shina lingine kabisa, la dhadi. Na asiyeweza kuipambanua zai na dhadi sijui alialikwaje kwenye kamati ya istilahi.

Sheria zenyewe zinaniunga mkono. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003, kama ilivyotungwa, haikumhesabu mtu kuwa ametawala soko mpaka sehemu yake ipite asilimia 35, na aweze, peke yake na kwa faida, kuubana ushindani kwa muda mrefu; wala hata hapo kutawala si hatia, ila kuutumia vibaya utawala huo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 imeutaja utumiaji mbaya wa haki ya miliki bunifu miongoni mwa madhambi ya mtawala soko, jambo lisilo na maana kama haki yenyewe ingekuwa dhambi. Fauka ya hayo, Tume ya Ushindani ya Tanzania ndiyo hiyo hiyo inayowasaka wauza bidhaa bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963: inalinda uhozi asubuhi, inapiga vita ukiritimba alasiri.

Kwa matumizi, mwenye kiwanda cha mvinyo wa zabibu za Hombolo akisajili alama yake kwa wakala wa usajili, BRELA, amepata uhozi. Akiwa ametawala soko, kisha akawakataza wenye baa kuuza mvinyo wa jirani, hapo mwiteni mkiritimba.

Nawasihi basi waandishi wa vitabu vya sheria waandike uhozi, na kamati, itakapokaa tena, ilete kamusi mezani.