Derby Bila Shemeji

Machi 11, 2022, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alipotangaza kwamba barakoa si lazima tena nje na kwamba viwanja vinaweza kujaa mradi mashabiki wawe wamechanjwa, nilimpigia baba simu. Nilidhani nampelekea habari njema. Baba ni Ingwe damu. Ameshabikia AFC Leopards tangu enzi ambazo timu hiyo iliitwa Abaluhya, na katika miaka yote niliyomjua, Jumapili yake ilikuwa na mambo mawili: kanisa na mpira.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Sawa. Nikienda, nitakaa na nani?"

Sikuwa na jibu. Tuliongea mambo ya mvua na bei ya unga, tukakata simu. Lakini swali lile lilinikaa, na ndilo lililonifanya nianze kuandika haya. Wakati ule kila mtu alikuwa akiuliza maswali ya aina nyingine. Je, uwanja ni salama? Je, chanjo inatosha? Hayo ni maswali ya maana na nitayafikia. Swali la baba lilikuwa limeyapita yote.

Ili ulielewe, inabidi ujue neno "mashemeji" lilivyoingia katika mpira wa Kenya.

Abaluhya ilianzishwa mwaka wa 1964, Gor Mahia mwaka wa 1968. Moja ilikuwa ya Waluhya, nyingine ya Wajaluo, jamii mbili ambazo zimepakana huko magharibi, zikahamia pamoja Nairobi kutafuta kazi, zikakaa nyumba za kupanga zinazotazamana, na zikaoana. Zikaoana sana. Kwa hivyo timu hizo mbili zinapokutana, shabiki wa upande huu mara nyingi ana dada au shangazi aliyeolewa upande ule. Ndiyo maana mechi yao inaitwa Derby ya Mashemeji. Hata serikali ilipoagiza mwaka wa 1980 kwamba vilabu viache majina ya kikabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards, hakuna shabiki aliyesahau yeye ni nani wala ameoa wapi.

Baba yangu alioa Siaya. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa Gor Mahia wa kutupwa. Baba alifanya kazi reli, mjomba alikuwa fundi wa viatu, na wote waliishi Makongeni, mwendo mfupi tu kutoka City Stadium. Walikuwa mashemeji kabla mimi sijazaliwa, na kila derby waliiendea pamoja. Waliondoka nyumbani pamoja, mmoja na fulana ya buluu, mwingine na ya kijani. Hawakukaa kamwe upande wa Gor wala upande wa Leopards. Walikaa katikati, pale ambapo rangi zinachanganyika, kwa sababu hakuna aliyekubali kwenda kwa mwenzake. Waliporudi, aliyeshinda ndiye aliyenunua nyama. Sheria hiyo ilitungwa na mjomba. Alisema aliyeshindwa ameumia ya kutosha, asiguswe mfuko.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu hofu ya umati haikuanza na korona katika jiji hili.

Nairobi ilikuwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike pale tauni ilipoingia mwaka wa 1902. Wakuu wa afya wa kikoloni waliamua kuchoma soko la Wahindi, maduka na nyumba pamoja. Ugonjwa ulirudi tena miaka iliyofuata, na kila uliporudi ulitumiwa kama sababu ya kuwatenga watu kwa rangi: Wazungu huku mlimani, Wahindi kule, Waafrika kule chini. Mwaka wa 1918, vita vikielekea kwisha, homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima iliingia kupitia bandari ya Mombasa, ikapanda na reli hadi bara. Iliwakuta watu waliokuwa wamechoshwa na vita, wakiwemo wapagazi wa Carrier Corps, wale ambao jina lao limebaki hadi leo katika mtaa wa Kariokor. Miaka minane baadaye, 1926, Kenya na Uganda zilikutana Nairobi kuanzisha Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni.

Nasimulia haya kwa sababu mbili. Kwanza, gonjwa likiingia jijini, amri haianguki sawa kwa kila mtu. Pili, watu hurudi kukusanyika. Baada ya tauni na baada ya mafua walirudi. Kwa hivyo mwaka wa 2022 sikuwa na shaka kwamba viwanja vingejaa tena. Nilichotaka kujua ni nani angerudi, lini, na kwa gharama ya nani.

Derby ya mwisho ambayo baba na mjomba walihudhuria ilichezwa Jumapili, Machi 8, 2020. Gor ilishinda, mjomba akanunua nyama. Siku tano baadaye, Ijumaa Machi 13, mgonjwa wa kwanza wa korona akatangazwa nchini. Shule zikafungwa, mikutano ikapigwa marufuku, na kuanzia Machi 27 kafyu ikaanza saa moja jioni. Matatu ya watu 14 ikabeba 8. Mwisho wa Aprili shirikisho la soka likakatiza msimu na kuwapa Gor ubingwa. Mjomba alimpigia baba simu akicheka, akamwambia huo ubingwa ameupokea kwa barakoa.

Lakini kucheka kule kulifunika mambo. Mdhamini mkuu wa vilabu hivyo viwili alikuwa ameshajiondoa mwaka wa 2019. Bila mashabiki hakuna pesa ya mlangoni, na bila pesa ya mlangoni klabu ya Kenya haina kitu. Wauza fulana na vuvuzela, mama wa mayai na smokie nje ya geti, vijana wanaopaka watu rangi usoni, wote walikosa Jumapili. Vibanda vya kutazama mpira wa Uingereza navyo vilifungwa. Ligi ile iliporudi Juni 17, 2020, ilichezwa viwanja vitupu, na televisheni zikaongeza kelele za mashabiki kutoka kwa rekodi. Baba aliitazama nusu saa, akazima. "Hiyo ni uongo," akasema. "Wanashangilia hata kabla ya goli."

Ligi yetu ilirejea Novemba 2020, milango ikiwa imefungwa kwa mashabiki. Machi 25, 2021, Harambee Stars walitoka sare ya 1-1 na Misri pale Kasarani, viti vikiwa vitupu. Kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akafunga kaunti tano, Nairobi ikiwemo, na michezo ikasimamishwa tena.

Hapa ndipo raia wa kawaida alipoanza kuchanganyikiwa. Mwaka wote wa 2020 wanasiasa walikuwa wameandaa mikutano iliyofurika, hadi Novemba ikabidi serikali iisimamishe kwa siku 60. Juni 1, 2021, sherehe za Madaraka zilifanyika ndani ya uwanja mpya wa Mamboleo, Kisumu, kwa wageni walioalikwa, huku mji wote ukitoka barabarani kuona. Wiki mbili na ushee baadaye, kaunti 13 za Nyanza, Magharibi na jirani zake zikatangazwa kuwa eneo la hatari na kafyu ikarudishwa saa moja. Sisemi sherehe ndiyo iliyoleta ugonjwa. Aina mpya ya virusi, Delta, ilikuwa tayari inatembea. Ninachosema ni kwamba shabiki wa mpira aliambiwa uwanja ni hatari, kisha akaona uwanja ukifunguliwa kwa wakubwa. Mtu akishaona hivyo, siku utakayomwambia uwanja ni salama atakuamini vipi?

Mjomba alikuwa ameenda nyumbani Siaya mwezi huo huo wa Juni kuangalia shamba. Alianza kukohoa Jumatatu. Jumapili hatukuwa naye.

Tulimzika haraka, kama sheria ilivyotaka, watu wachache wenye barakoa, bila matanga. Kwa Wajaluo, na kwa Waluhya vilevile, huko si kuzika. Mtu mzima huzikwa na umati. Huzikwa na ng'ombe, na ngoma, na mashemeji wanaokuja na kelele zao na madai yao. Baba hakuruhusiwa na daktari kusafiri. Ana sukari na umri umeenda. Alikaa Nairobi kwenye kiti chake na redio. Hakumzika shemeji yake.

Kwa hivyo Machi 2022, nilipompigia simu na habari za viwanja, nilikuwa nimesahau kwamba kwake umati uliopotea haukuwa wa mpira peke yake.

Mama alipinga wazo lote. "Huyu mzee amechanjwa mara mbili, ndiyo, lakini sukari haijachanjwa," alisema. "Mpira uko kwa redio." Mimi nikaanza kusoma ili nimjibu, na nilichopata kilinisaidia na kunikosoa kwa pamoja.

Walioogopa viwanja walikuwa na sababu. Februari 19, 2020, zaidi ya watu 40,000 walitoka Bergamo kwenda Milano kutazama Atalanta ikicheza na Valencia, na wiki chache baadaye Bergamo ikawa mojawapo ya sehemu zilizoumia zaidi Ulaya. Lakini upande wa pili, wakuu wa afya wa Scotland walihesabu wagonjwa 1,991 waliohusiana na mechi za Euro za Juni 2021. Kati yao 1,294 walikuwa wamesafiri kwenda London, na waliosema waliingia uwanja wa Wembley wenyewe walikuwa 397 tu. Wengine waliambukizwa wapi? Ndani ya mabasi, treni, baa na nyumba za marafiki, ndiko akili inakoelekea.

Nikamwambia mama: hatari kubwa haiko jukwaani kwenye upepo. Iko kwenye matatu iliyofungwa madirisha na kwenye nyama choma baada ya mechi. Akanitazama. "Sasa unafikiri babako anaendea nini?"

Alikuwa amenishinda. Ukiondoa safari, ukiondoa nyama, ukiondoa kubanana na kupiga kelele kwenye sikio la jirani, unabaki na wanaume 22 na mpira, na hao hata kwenye simu unawaona. Kile kinachomwita mtu uwanjani ndicho hicho hicho kinachobeba ugonjwa.

Kitu kingine nilichokuwa nimekisahau ni Oktoba 23, 2010. Derby ilikuwa Nyayo usiku, watu wakasukumana getini, na mashabiki saba wakafa kwa kukanyagwa. Baba na mjomba walikuwa pale. Mjomba alipoteza kiatu, yeye fundi wa viatu, na jambo hilo likawa utani wa familia ingawa najua hawakulala usiku ule. Walikosa mechi chache kisha wakarudi. Niliwahi kumuuliza mjomba waliamuaje. Alisema hawakuamua. Ilifika Jumapili moja shemeji yake akabisha mlango na fulana ya buluu, basi.

Sasa kubisha mlango kulikuwa juu yangu.

Sikumpeleka kwenye derby. Nilienda Makongeni Jumapili moja, miezi kadhaa baadaye, nikamwambia Leopards wanacheza na timu ndogo, mechi ya mchana, watu hawatakuwa wengi. Tungeenda na gari la rafiki yangu, madirisha wazi. Tungekaa juu, mbali na geti, na kutoka dakika kumi kabla ya mwisho. Aliniangalia kwa muda mrefu.

"Mechi ya kutoka mapema," alisema. "Shemeji angekucheka."

Lakini aliingia chumbani akatoka na ile ya buluu. Mama alimfungia chai kwenye chupa, akamtia barakoa mbili mfukoni, hakusema neno.

Uwanja ulikuwa nusu, labda hata robo. Isikuti ilikuwa inapigwa kona moja. Baba hakwenda kukaa na wenzake wa buluu. Alitembea polepole hadi katikati, mahali ambapo siku ile hakukuwa na mtu wa kijani hata mmoja, akaketi, akaacha kiti kimoja kati yetu. Nilifikiri ni umbali wa korona. Nilipotaka kuweka chupa ya chai pale, aliniondoa mkono.

Hatukutoka mapema. Leopards walipata goli, baba akashuka barakoa hadi kidevuni akapiga kelele ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka miwili, na mzee mmoja nyuma yetu, ambaye hatukumjua, akamshika bega kwa mikono miwili. Mimi niliona mikono ile na moyo ukanidunda. Nilihesabu siku kumi na nne kimoyomoyo kwenye kalenda, kama tulivyokuwa tumejifunza wote.

Njiani kurudi, baba alisimamisha gari karibu na bucha. Aliyeshinda hununua, alisema. Akanunua kilo mbili. Ya pili hakusema ni ya nani, na tulipofika nyumbani mama aliipokea, akaichukua simu, akampigia mke wa mjomba ambaye bado anaishi mtaa ule ule, akamwambia amtume kijana aje.

Siku kumi na nne zilipita salama. Derby bado hajaiendea. Ikifika, anakaa na redio na anaipunguza sauti Gor wakipata goli, jambo ambalo zamani asingehitaji kulifanya, kwa sababu kelele za shemeji zingemfikia hata hivyo. Sijamshurutisha. Nimemwambia tu kwamba fulana ya kijani ya mjomba iko kwa kijana wake, inamtosha, na kwamba kijana amekuwa akiuliza huko katikati watu hukaa wapi.