Kamera Imekaa Wapi? Historia ya Jicho Kwenye Gemu za RPG, Kutoka Wizardry Mpaka Zau

Wadau, leo ubuyu wa nani kaachana na nani tuuweke pembeni kidogo. Kuna staa mmoja mwenye damu ya Kenya, kaonekana kwenye tamthilia kubwa ya HBO, na kumbe ana studio yake ya kutengeneza gemu. Jina nitalitaja huko chini, tulia. Kabla ya kumfikia kuna swali ambalo wacheza gemu wengi hatujiulizi. Nani aliamua kamera ikae wapi? Kwa nini gemu hii unamwona mhusika mgongoni, ile unamwangalia kutoka juu kama umepanda mnazi, na nyingine humwoni kabisa, unaona mikono tu?

Naongelea zaidi RPG, zile gemu ambazo unachukua mhusika hana mbele wala nyuma, unamkuza taratibu, unamvalisha, unamchagulia cha kusema, na mwisho wa safari anakuwa mtu mwingine kabisa. Kwenye gemu ya mpira kamera ni kamera tu. Kwenye RPG kamera ndiyo inaamua kama yule mhusika ni wewe, au ni mtu unayemlea.

Turudi 1981. Mwaka huo Marekani zilitoka gemu mbili ambazo ndiyo mabibi wa ukoo wote huu, Wizardry na Ultima. Wizardry ilikuweka ndani ya macho ya wahusika. Unatembea kwenye mashimo yaliyochorwa kwa mistari mitupu, hatua moja moja, ukigeuka unageuka kona kamili. Ultima ikaja na ujanja wake: ukiwa nje unaona dunia kutoka juu kama ramani, ukiingia shimoni kamera inashuka na kuwa macho yako. Kompyuta za enzi hizo memori yake ilikuwa ndogo kuliko picha moja unayotumiwa WhatsApp, kwa hiyo kuchagua kamera ilikuwa ni kuchagua bajeti. Mistari minne ya ukuta haili nafasi. Na vigae vidogo vya nyasi, maji na mlima ukivirudiarudia unapata nchi nzima.

1986 Wajapani wakatoa Dragon Quest. Yuji Horii, aliyeibuni, alikuwa shabiki wa zote mbili, akachanganya: kutembea unaona kutoka juu kama Ultima, kupigana unakutana na adui uso kwa uso kama Wizardry. Akili nyingi sana.

Halafu 1992 ikaja Ultima Underworld, ambapo sasa unaangalia juu, chini, unaruka, unaogelea, yote kwa macho ya mhusika mwenyewe. Ungedhani mjadala umeisha hapo. Haukuisha. Mwishoni mwa 1996 ikaingia Diablo, na 1997 Fallout, kamera ikarudi juu lakini imekaa mshazari, kama ule mchoro wa nyumba anaokuonyesha fundi kabla hujampa hela ya msingi. Siri ya kamera ile ni kwamba kitu cha mbali hakipungui ukubwa. Msanii anachora mti mmoja, anaupandikiza popote. Na wewe unawaona maadui wote waliokuzunguka, hata yule anayekunyatia nyuma. Ukiwa ndani ya macho ya mhusika, yule wa nyuma unamjua ukishaumia.

Sasa tuje mtaani, maana historia haikuandikwa Marekani na Japani peke yake.

Kwetu Nguvumali, na ukienda Makorora au Mabawa ni yaleyale, gemu tulizijulia kwenye vibanda vya PS2. Pedi mbili, benchi limejaa, na nyuma wamesimama madogo wasio na hela ambao nao wana mawazo kuliko mchezaji. RPG za Kijapani zenye maandishi kurasa kwa kurasa nani alikuwa na muda nazo, Kiingereza chenyewe tulikuwa tunakibahatisha. Tulichokuwa nacho ni GTA San Andreas ya 2004. Watu huwa hawaiiti RPG, ila mimi nasema ni RPG iliyojificha. CJ akila sana ananenepa, akienda jimu anajaa misuli, unamnyoa, unamchora tatuu, unamvalisha. Na yote hayo yana maana kwa sababu moja tu, kamera imekaa mgongoni kwake. Unamwona.

Na siyo mwenye pedi peke yake aliyemwona. Benchi zima lilimwona. Kamera ya mgongoni inamfanya mhusika awe wa wote: mtu anapiga kelele "mpeleke akanyoe", mwingine anasoma chiti kwenye daftari, mwingine anacheka kitambi. Jaribu kuweka gemu ya macho ya mhusika kwenye kibanda kile. Mwenye pedi anafurahi, waliosimama nyuma wanapata kizunguzungu, maana kichwa kinachogeuka si chao.

Kuna jambo lingine ambalo utotoni hatukulisema kwa maneno. Huyu tuliyekuwa tunamtazama mgongoni masaa yote alikuwa kijana mweusi. Wazungu wenye mapanga na mashujaa wa Kijapani tulishawazoea, lakini CJ tulimtembeza kama ndugu. Ndiyo maana mimi nikisikia mtu anasema "kamera si ishu, ishu ni stori", namwangalia tu.

Waulize waliocheza Cyberpunk 2077. Watengenezaji walitangaza 2018 kwamba itachezwa kwa macho ya mhusika, watu wakalalamika sana, na ilipotoka Desemba 2020 ikawa vilevile. Unatumia muda wote ule kumtengeneza mhusika wako, rangi ya ngozi, nywele, koti la maana, halafu ukiingia mtaani humwoni mpaka ukae kwenye pikipiki au usimame mbele ya kioo! Umevaa kwa ajili ya nani? Bethesda walilimaliza kistaarabu tangu Morrowind ya 2002 na hata Skyrim ya 2011: bonyeza kitufe, chagua mwenyewe, ndani au nje.

Afrika Mashariki nayo imechagua. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya kompyuta ya 3D, shujaa wake mwanamke wa Kiafrika anayesaka vitu vya kale, na unamwona mwili mzima akitembea. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, majini wa anga wamevamia Nairobi, na pale kamera ni macho na bunduki. Hizo si RPG, sawa. Lakini angalia tofauti: Nyangi unamjua ni nani. Kwenye Nairobi X unaujua mji, shujaa unamsahau.

Haya, staa wetu. Anaitwa Abubakar Salim, Mwingereza ambaye familia yake imetokea Kenya. Kwenye House of the Dragon yeye ndiye Alyn wa Hull. Kabla ya hapo, 2017, ndiye aliyekuwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins, gemu iliyoisogeza familia ile kwenye RPG, kamera mgongoni, Mmisri mweusi juu ya ngamia. Aprili 2024 studio yake, Surgent, ikatoa Tales of Kenzera: Zau. Kijana anataka kumrudisha baba yake aliyefariki, anaingia makubaliano na Kalunga, mungu wa kifo. Salim aliitengeneza akiwa na majonzi ya baba yake mwenyewe. Na unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili kitupu, wadau!

Kamera yake ipo ubavuni, na mara nyingi iko mbali. Zau anakuwa kadogo, milima na mizimu mikubwa. Mimi mpenda kamera ya mgongoni nilitaka kununa, ila hapa nimekubali. Aliyefiwa ndivyo anavyoonekana, kamtu kadogo kwenye dunia ambayo haijasimama kumsubiri. Kamera ya ndani ya macho isingeweza kukuonyesha hilo.

Mwaka 2025 wakageuka kabisa: Dead Take, gemu ya kutisha, kamera ndani ya macho. Imekaa sawa, hofu inataka usione nyuma yako.

Lakini ninayoisubiri ni ile waliyoitangaza 2024, RPG yenyewe hasa, kamera ya juu mshazari kama Fallout ya zamani. Mradi wameuita Uso. Umeona vituko? Gemu inaitwa Uso, na kamera iliyochaguliwa ndiyo ile ambayo nyuso huwa hazionekani vizuri. Baldur's Gate 3 ya 2023 ilishapita hapo: unatembea ukiwa juu, lakini wahusika wakianza kuongea kamera inashuka mpaka unaona jicho likilengwa na machozi. Salim kaka yetu, kama unasoma Kiswahili, wakati wa maongezi ishushe.