KWA NINI TABIA MBAYA HAITOKI? SOMO KUTOKA MAKKA NA MADINA



Ndugu msomaji, hebu tuanze na mtu ambaye sote tunamjua mtaani. Anavuta sigara mchana kutwa. Ikiingia Ramadhan, anakaa zaidi ya saa 13 bila kuigusa, kutoka alfajiri mpaka magharibi, na anamaliza mwezi mzima hivyo. Lakini siku ya Idd utamkuta maskani tangu asubuhi, keshaiwasha. Ukimuuliza, atakwambia, "Siwezi kuacha, nishazoea." Ni kweli tumbaku inashika mwili. Lakini je, ni mwili peke yake?

Historia ya dini yetu inatuonyesha kwamba sababu iliyo ulimini mara nyingi siyo iliyo moyoni.

Tuanze Makka. Mbele za watu, makureshi walisema ati Mtume (SAW) ni mchawi, ati anawatenga watu na dini ya mababu. Lakini Ibn Ishaq amepokea katika sira kwamba Abu Jahl, Abu Sufyan na Akhnas bin Shariq walikuwa wakitoka usiku kwa siri, kila mtu kivyake, kwenda kumsikiliza Mtume (SAW) akisoma Qur'ani. Walipokutana njiani walilaumiana, na usiku wa pili wakarudi, na wa tatu pia! Mwisho Akhnas akamwendea Abu Jahl kumuuliza anaonaje yale waliyoyasikia. Jibu lake halikutaja uchawi wala mababu. Alisema ukoo wake na wana wa Abd Manaf walishindana kwa kulisha watu na kutoa mali mpaka wakawa sawa kama farasi wawili wa mashindano. Sasa wenzao wanasema wana Mtume anayeletewa wahyi. Wao watampata wapi wa kwao? Basi akaapa hatamuamini kamwe.

Unaona? Kizuizi kilikuwa ni fahari ya ukoo.

Abu Talib naye alimpenda na kumlinda mtoto wa ndugu yake kwa miaka mingi. Alipokuwa anakufa, karibu mwaka 619, Mtume (SAW) alimsihi atamke shahada. Abu Jahl alikuwa amekaa pale pale, akimkumbusha dini ya Abdul-Muttalib. Imepokewa kwamba Abu Talib alichelea makureshi watamsema vibaya. Huyu hakuwa na chuki hata kidogo. Alizuiwa na maneno ya watu.

Sasa twende Madina, tuangalie tabia yenyewe, yaani ulevi. Waarabu wa wakati ule walikuwa na mapenzi makubwa na kinywaji. Kilikuwa ndani ya ukarimu wao, biashara yao na mazungumzo yao ya usiku. Kwa hivyo kumwambia mtu aache kulikuwa ni kumwambia aache na wenzake.

Tazama hikma ya Mola wetu. Katika Suratul Baqara (aya ya 219) Qur'ani haikuwaambia kwamba hawapati chochote. Ilikiri kwamba mna manufaa kwa watu, kisha ikabainisha kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi. Baadaye, katika Suratun Nisaa (aya ya 43), wakakatazwa kuikaribia Swala wakiwa wamelewa. Na kwa kuwa Swala ni tano, nafasi ya kulewa ikawa finyu. Mwisho ikateremka Suratul Maida (aya ya 90 na 91), ikakata moja kwa moja, na ikafichua lililojificha: shetani anataka kutia uadui baina yao kwa ulevi na kamari. Walidhani kinawaunganisha, kumbe kinawagombanisha.

Siku hiyo Anas bin Malik alikuwa akiwapa watu kinywaji cha tende nyumbani kwa Abu Talha, baba yake wa kambo. Wakasikia mtu akinadi kwamba kimeharamishwa. Abu Talha akamwamuru akimwage, na kikatiririka katika njia za Madina. Bibi Aisha (RA) ameeleza kwamba lau katazo la ulevi lingekuja mwanzo, watu wangekataa. Kwanza zilishuka sura za Pepo na Moto, mpaka nyoyo zikatulia.

Linganisha na Marekani. Mwaka 1920 walipiga marufuku pombe kwa kubadilisha katiba yao. Mwanzo unywaji ulipungua, lakini vilabu vya siri vikaenea na wahalifu kama Al Capone wa Chicago wakatajirika. Mwaka 1933 marufuku ikafutwa. Sheria ilifunga vilabu, lakini haikugusa kilichokuwa kikiwapeleka watu huko.

Basi kijana mwenzangu, usijiulize tu, "Nitaacha lini?" Jiulize, "Hiki kitu kinanipa nini?" Labda huendi maskani kwa ajili ya muguka, unakwenda kwa sababu huko ndiko unakosikilizwa. Labda sigara inakufichia fikra za kukosa kazi. Labda unaogopa wenzako watasema, "Siku hizi umekuwa sheikh!" kama Abu Talib alivyoogopa kusemwa.

Na nyinyi wazazi, mtoto akirudia kosa baada ya Idd, msikimbilie kumwita mnafiki. Muulizeni anakosa nini nyumbani hata akitafute nje.

Ramadhan inatupa saa za mchana za kujizuia, na wenzetu wa tarawehe wa kukaa nao usiku. Tusiwaache siku ya Idd. Ukiacha jambo, weka jengine mahali pake, la sivyo la zamani litarudi.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe yaliyojificha nyoyoni mwetu na utupe nguvu ya kuyaacha. Amin.

Wabillahi Tawfiq.